Milimita Tisa Kuelekea Magharibi

11 Machi

Mama mdogo,

Kabla hata ya kukuamkia, nakuomba kwa jina la marehemu dada yako: yaliyoandikwa humu yasitoke kinywani mwako. Usimsomee mwenye duka anayekupokelea barua, usimdokezee jirani. Ukimaliza kusoma itie jikoni iungue yote, pamoja na bahasha. Simu sipigi kwa sababu laini za walinzi wa vituo hulipiwa na ofisi, na orodha ya waliopiga na waliopigiwa hupita mezani kwa mkuu wa kitengo kila mwisho wa mwezi. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu kama babu.

Sasa shikamoo. Mimi sijambo, ila kikohozi cha vumbi la makabati hakiniachi. Muda wangu wa majaribio unaisha Agosti. Nikivuka hapo nitakuwa mfanyakazi wa kudumu, nitapanga nyumba ya vyumba viwili, na mashemeji zako watabaki na shamba la marehemu mumeo wanalokushitakia wakaligawane wenyewe. Na mdogo wangu Redio je? Bado anaongea mpaka kuku wanahama uani? Mwambie nimemnunia. Miezi miwili hajaniandikia hata mstari mmoja.

Ninachotaka kukuuliza ni habari ya kituo unachokilinda. Ulipoajiriwa ulicheka ukasema umewekwa kulinda nguzo isitoroke. Mama mdogo, imetoroka.

Ile kofia nyeupe iliyo juu ya nguzo husikiliza setilaiti mchana na usiku, na kwa kuzisikiliza hujua ilipo bila kukosea hata kwa upana wa punje. Tuna vituo thelathini na viwili, vyote vimekaa juu ya bamba moja la ardhi, na bamba lenyewe linasogea kaskazini mashariki kwa mwendo wa kucha inavyokua. Basi vituo vyote husogea pamoja, kama abiria wa basi moja. Chako kimekwenda na wenzake miaka kumi na minane. Halafu tarehe 19 Februari, saa nane mchana, kikanyamaza. Kilinyamaza saa tatu nzima. Kiliporudi, kilikuwa kimesogea milimita tisa kuelekea magharibi, peke yake, na tangu siku ile kinazidi kuvutwa huko huko.

Mimi ndiye ninayejaza daftari la vituo. Nikiandika kwamba siku fulani nguzo iligongwa, au kifaa kilibadilishwa, wale wa hesabu wanauondoa mruko huo na mambo yanaendelea. Nisipoandika kitu, maana yake ni kwamba ardhi yenyewe ndiyo iliyosogea. Mkuu wetu, tunayemwita Milimita akiwa hayupo, ameuona mruko na anasubiri nimwambie.

Je, kulitokea nini siku ile? Hata kama ni mbuzi, niambie. Na kumbuka kwamba kwenye fomu yako, palipoulizwa kama una undugu na mfanyakazi yeyote, nilikuandikia hapana. Mstari ule nauona hata nikifumba macho.

Mwanao.

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu ya mvua. Daraja lilikatika mwezi wa pili na mpaka leo basi linaishia ng'ambo, mizigo inavushwa kichwani. Kikohozi chako kitibu kwa maji ya moto, na ufungue dirisha. Makaratasi hayafi kwa upepo.

Mashemeji wameshaweka seng'enge. Mimi sasa nimepanga chumba nyuma ya duka, mimi na cherehani yangu, na tunatoshana. Kilichobaki mikononi mwangu huku ni ufunguo wa geti la kituo na zile hatua kumi kwa kumi zilizo ndani ya uzio. Shemeji mkubwa alikuja na watu wake kupima mipaka, akafika kwenye uzio wa kituo, akasoma kibao, akageuka. Kibao hicho nakifuta vumbi kila asubuhi.

Unamuulizia Redio. Redio yupo hapa hapa, simwachi aende mbali nami. Kuandika hawezi kwa sasa, usimnunie.

Kuhusu nguzo, mbuzi hawaingii. Nyasi nakata kwa mkono, kioo cha sola nafuta, betri naangalia taa yake ya kijani kama ulivyonifundisha. Hakikutokea kitu cha kuandika. Andika hivyo.

Nami nina swali. Hiyo kofia inasikiliza tu, au inaona pia?

Mama yako mdogo.

19 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimefungua dirisha, kikohozi kimepungua, karatasi mbili zimeruka hadi barabarani na nimezikimbiza mbele za watu. Hukuniambia kwamba umehama. Redio naye analala wapi, kama chumba ni kimoja? Nimemtumia viatu kwa kondakta, vyeusi, namba arobaini na tatu. Kama miguu yake imeongezeka tena, hilo si kosa langu.

Kofia haioni. Inasikiliza tu.

Niliandika kama ulivyosema: "19 Februari, hakuna tukio." Nikaweka sahihi yangu. Wiki hiyo hiyo Milimita aliniita, akanionyesha grafu kwenye ukuta, akanishika bega. Hajawahi kunishika bega. Anasema kituo chako ndicho kilicho karibu zaidi na mahali mabamba mawili yanapokutana, na kwamba huu ni mwendo wa kimyakimya wa ardhi, ambao watu wanautafuta maisha yao yote bila kuuona. Zile saa tatu za kimya anasema ni radi tu. Ataisoma taarifa hiyo mbele ya wataalamu mwezi ujao. Nimemwandalia mimi kurasa zake, na kwenye ukurasa wa saba limeandikwa neno langu: hakuna tukio.

Lakini kuna mama mmoja wa hesabu, amebakiza mwaka mmoja astaafu, tunamwita Bibi Desimali. Jana alinikuta kwenye ngazi, akaniuliza kama nimeona kwamba kituo kinavutwa zaidi kila mvua ikinyesha. Nikasema sijaona. Akaniambia, "Mwamba haujui mvua. Udongo ndio unaojua mvua." Akashuka zake.

Mama mdogo, umechimba kitu pale? Choo, tangi, shimo la taka? Ndani ya uzio haturuhusiwi kuchimba hata kwa kijiko, lakini bora nijue leo kuliko kuambiwa na mtu mwingine. Nitaona la kufanya. Sina hasira.

Mwanao.

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nguo za shule zimekuwa nyingi msimu huu, nashona mpaka vidole vinakufa ganzi.

Viatu vimefika. Ni vizuri sana. Nimeviweka mahali pake na kila asubuhi navipangusa umande.

Sijachimba choo. Sijachimba tangi.

Usinifundishe habari ya mwamba, mimi ni mshonaji. Ila kama huyo Bibi Desimali ni mtu mwema, muulize kwa ajili yangu: udongo uliofukuliwa ukarudishwa, unachukua muda gani kutulia? Miezi mingapi? Na ukishatulia, nguzo itaacha kwenda? Muulize kama swali la mtu mwingine.

Mama yako mdogo.

2 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Nilipoisoma barua yako nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kwa hiyo ulichimba. Ni shimo la nini sijui, na kama hutaki kusema basi usiseme. Niliogopa makubwa zaidi. Bibi Desimali anasema mwaka mmoja, hata miwili, na kwamba nguzo iliyoinama hairudi.

Sasa sikiliza, maana mambo yamekwenda mbio. Milimita alisoma taarifa yake na watu mia tatu walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Siwezi kuingia ofisini kwake sasa na kumwambia ni shimo la taka. Nimejaribu. Nilifika mlangoni, akaniuliza nataka nini, nikasema nimeleta wino wa printa.

Ila kuna njia ambayo naona itatusitiri wote. Wameamua kuja kuchimba handaki, upande wa magharibi wa nguzo, kina cha mita tatu, waufikie mwamba na kuona kama umepasuka. Wakishachimba, shimo lako litakuwa limemezwa ndani ya shimo lao na hakuna atakayejua. Wanakuja tarehe 15 Julai. Wanataka vibarua sita wa huko huko, na orodha naiandika mimi. Nimemwandika Redio wa kwanza. Siku nne za kazi, sululu na koleo wanaleta wenyewe, chakula juu yao. Atawachosha kwa maneno lakini atapata chochote mfukoni. Nitumie namba yake ya kitambulisho haraka, bila hiyo hawamlipi.

Mwanao.

13 Juni

Mwanangu,

Barua hii nimempa kondakta mkononi na nimemwapisha.

Redio alifariki tarehe 17 Februari.

Ilikuwa homa. Ilianza Jumapili jioni, akawa anaongea kama kawaida yake, nikasema huyu haumwi. Jumatatu maneno yake yakaanza kukosa mpangilio. Daraja lilikuwa limekatika usiku wa kuamkia siku hiyo. Tuliung'oa mlango wa chumba tukambeba juu yake mpaka kwenye maji, watu wanne, tukasimama pale tukiyaangalia maji. Tukarudi. Jumanne kabla ya adhuhuri akanyamaza.

Nilikwenda kwa mashemeji kuomba sehemu alipolala baba yake. Shemeji mkubwa hakunikaribisha ndani. Alisema mbele ya watu: "Ukimzika mtoto hapa, kesho utasema hapa ni kwako." Hilo tu. Kwake mazishi yalikuwa sehemu ya kesi ya shamba. Makaburi ya mji yako ng'ambo ya mto. Siku mbili mtoto yupo ndani na joto lile. Kila ardhi niliyoiangalia ilikuwa na mwenyewe.

Ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Mwenye duka na jirani walinisaidia kuchimba, hatua mbili kutoka kwenye nguzo, upande jua linakozama, kwa sababu upande mwingine kuna nyaya. Zile saa tatu za kimya si radi. Ni mimi. Nilichukua beseni la bati la kufulia, nikaifunika kofia. Nilidhani inaona, na sikutaka waone mwanangu anavyoshushwa. Tulipomaliza nikalitoa.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja, na njia haikuwepo, na kazi yako ilikuwa kwenye mizani. Nilijisemea nitakuambia wiki ijayo. Ndipo ikaja barua yako, unamwita Redio, unamnunia. Nikashindwa. Kila ulipomsalimia nilimfikishia salamu. Hilo sikudanganya.

Viatu viko juu yake.

Sasa unasema watakuja na sululu. Umemwandika yeye mwenyewe wa kwanza.

Mwanangu, mimi sijui ngazi za ofisini kwenu. Ila ulisema ukiandika kitu kwenye daftari, wenye hesabu wanaelewa na mambo yanaendelea. Basi andika. Andika kwamba ni mimi, andika kwamba ni kaburi, waniondoe kazini, ila waache kuchimba. Nguzo wakaiweke pengine. Yeye hana pengine.

Mama yako.

24 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijui nimsalimie nani mwingine.

Barua yako niliipata Jumamosi tarehe 20. Niliisomea kwenye kituo cha basi, nikapanda basi lisilo langu, nikashuka mwisho wa safari mahali nisipopajua. Wewe ulituzaa wawili, mmoja kwa tumbo na mmoja kwa kunichukua kwenye msiba wa mama nikiwa na miaka sita. Tulilala kitanda kimoja miaka kumi na moja. Alikuwa akiongea hata usingizini, mimi nikimpiga teke anyamaze.

Sijapata mahali pa kulia. Hapa nalia kwenye chumba cha makabati, natoka, natia saini karatasi za watu.

Nitamwambia Milimita. Amesafiri mpaka Jumatatu, akirudi tu nitamwambia. Kufuta "hakuna tukio" na kuandika jingine si jambo dogo; taarifa imeshachapishwa, jina langu lipo chini, na fomu yako wakiitazama mara ya pili watauliza nani aliyeijaza. Lakini nitamwambia. Mpaka tarehe 15 kuna siku nyingi.

Usitoke hapo. Usimwambie mtu.

Mwanao.

3 Julai

Mwanangu,

Jana alikuja mpimaji na kijana anayemshikia kamba. Wametia chokaa kwenye nyasi, mistari minne. Mmoja umepita juu yake, kifuani. Aliona viatu, akaniuliza ni vya nani, nikamwambia vya mwanangu. Akavisogeza kando kwa mguu ili apitishe chokaa. Hakuwa na ubaya, hakujua.

Nilimuuliza watakuja lini. Akasema gari limepatikana mapema, watakuja wiki ijayo.

Umeshamwambia?

Siombi kazi. Siombi shamba. Naomba mstari mmoja kwenye daftari.

Mama yako.

28 Julai

Mama,

Shikamoo, popote ulipo. Hii namwachia mwenye duka. Nimeifunga kwa gundi na uzi, na nimemwomba asiifungue. Mkono wangu huu utaujua.

Kwanza nikuungamie. Nilikuandikia kwamba Milimita amesafiri. Hakusafiri. Alikuwa hatua sita kutoka mezani kwangu, siku zote zile, akila karanga na kusoma barua za pongezi. Kila asubuhi nilijiambia leo. Nilichukua karatasi, nikaandika sentensi ya kwanza, nikaipasua. Barua yako ya chokaa niliipata tarehe 6. Hata hapo nilikaa siku tatu. Basi la kuja huku huondoka kila alfajiri na nauli nilikuwa nayo. Ningeweza kuja nikakaa nawe pale chini. Sikuja, kwa sababu ruhusa ilihitaji kueleza ninakokwenda.

Tarehe 9, saa tatu asubuhi, niliingia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: wewe ni nani kwangu, fomu, Redio, beseni. Hakupaza sauti. Aliivua miwani akaiweka juu ya meza.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu tarehe ishirini Juni."

"Leo ni tarehe ngapi?"

Nikamwambia.

"Gari limeondoka juzi," akasema. "Asubuhi hii wameshaanza."

Akachukua simu. Alimpigia kiongozi wa msafara, akampigia dereva, akapiga tena na tena. Kule kilimani simu hazishiki, unajua. Alipiga mpaka adhuhuri, Mama. Nilimchukia miezi yote hiyo kwa hofu yangu mwenyewe, na yeye alipiga mpaka sikio likamwiva. Angalisimamisha gari kwa neno moja, kama ningalimwambia siku moja kabla halijaondoka.

Yaliyobaki nimeyasikia kwa dereva wa msafara. Alinitafuta mwenyewe, akaja mpaka chumbani, akakataa kukaa. Anasema walikukuta umekaa pale na mshono mikononi, pindo la sketi ya shule. Ukawaambia ni kaburi. Kiongozi akatazama karatasi zake, akasema daftari halionyeshi kaburi. Akakusomea maneno yangu: hakuna tukio. Dereva anasema hukubishana. Walisubiri mpaka jua likawa kali, na vibarua walianza kunung'unika kwa sababu nusu yao walikujua. Kisha ukasimama mwenyewe, ukakunja kitambaa, ukawaonyesha kichwa kiko upande gani ili sululu isifike huko.

Hayo ndiyo uliyoyafanya kwa sababu ya mstari wangu.

Walipofikia ubao uliomfunika waliweka sululu chini na kutumia mikono. Baada ya hapo ikabidi polisi waitwe, ikaandikwa kwamba mwili umepatikana kwenye eneo la serikali, wakaupeleka hospitali ya mji wa ng'ambo kusubiri ndugu. Dereva anasema ulitembea nyuma ya gari mpaka darajani, na daraja sasa limetengenezwa, gari likavuka, wewe ukasimama. Alikuona kwenye kioo. Huyo ndiye mtu wa mwisho ninayemjua aliyekuona.

Waliendelea kuchimba siku iliyofuata, kwa kuwa handaki lilikuwa limeshafunguka. Wameufikia mwamba. Ni mzima, hauna hata ufa wa kupitisha uzi. Milimita ameiondoa taarifa yake na kuwaandikia wote waliompigia makofi, mmoja mmoja. Mimi nimefukuzwa tarehe 11, na ni haki. Nililia kidogo kwa ajili ya kazi, nakwambia usije ukasikia kwa mwingine. Hata katika hili nilipata nafasi ya kujililia.

Nilimwomba Bibi Desimali kitu kimoja kabla sijarudisha kitambulisho. Neno langu la siri walikuwa wameshalifuta, basi alikaa kwenye kompyuta yake, akafungua daftari la vituo, nikamtamkia, akaandika: "19 Februari, saa nane hadi saa kumi na moja. Kaburi la kijana wa miaka kumi na tisa, hatua mbili magharibi ya nguzo. Mwendo wa kituo baada ya hapo si wa bamba." Aliuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo. Ulikuwa mstari mmoja, Mama. Kuuandika hakukuchukua hata dakika mbili.

Tarehe 15 nilikwenda hospitali na kitambulisho changu na cheti cha kifo cha mama, ili waone kwamba wewe na yeye ni watoto wa baba mmoja. Waliniuliza kwa nini mzazi hajaja. Niliwasogezea cheti tena. Kesho yake walinipa mdogo wangu. Dereva aliazima gari la shemeji yake tukaenda naye mjini ninakokaa, na Jumamosi tarehe 18 tukamzika kwenye makaburi ya umma, ng'ambo ya reli. Tulikuwa mimi, dereva, Bibi Desimali na wachimbaji wawili. Yeye ambaye hakuwahi kukosa la kusema alizikwa na watu mabubu. Niliuliza mara mbili kama mahali pale pana mwenyewe. Karani wa makaburi alinionyesha risiti.

Halafu nikaja huku kwako. Chumba chako kina mpangaji mwingine. Mwenye duka anasema uliondoka siku ya tatu baada ya msafara, ukamwachia ufunguo wa geti, cherehani ukaibeba kichwani, hukusema unakwenda wapi. Anasema hukuwa unalia. Ameniambia maneno mengine kuhusu mimi ambayo nimeyasikiliza mpaka mwisho.

Nimeshakuuliza kwa mafundi cherehani wa miji miwili. Nitaendelea. Lakini kama barua hii itakufikia kabla sijakufikia, basi fuata hivi.

Redio yuko mstari wa kumi na nne, namba ishirini na sita, kutoka geti la reli. Kibao ni cha mbao, nimeandika kwa rangi nyeusi, utauona. Mlinzi wa geti anajua kwamba mama yake anaweza kuja wakati wowote, hata jua likiwa limezama, na hatakuuliza kitu.

Mimi usinitafute ofisini. Shuka kituo kikuu cha basi, toka kwa mlango wa nyuma, fuata ukuta wa karakana za kuchomelea mpaka uishe. Geti la bluu, la tatu kushoto. Ingia mpaka uani, mlango wa mwisho. Mchana nabeba mizigo sokoni, kwa hiyo nikiwa sipo ufunguo uko kwa kinyozi aliye mkabala. Mwambie wewe ni mama yangu, nimeshamwambia ulivyo. Kitanda ni chako, mimi nalala chini. Kama hutaki kunitazama, nenda kwa Redio kwanza, kisha mwachie mlinzi karatasi yenye jina la mahali ulipo, hata bila salamu. Napita kwake kila jioni kumuuliza.

Mwanao.